Mwaka Niliochora Vipuri

Tulimzika Mzee Barasa Jumamosi, kwao Bungoma, katika shamba lenye migomba na udongo unaong'ang'ania viatu. Waliozungumza kaburini walimsifu kwa mengi: alikuwa mzee wa kanisa, alisomesha watoto wake wote, hakuwahi kugombana na jirani. Hakuna aliyetaja kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini, pampu nyingi za visima vya Turkana zilitoa maji kwa sababu ya vyuma vilivyopita mikononi mwake. Siwalaumu. Wao walimjua akiwa amestaafu, mtu wa kufuga kuku. Sisi wawili tuliomjua akiwa fundi, mimi na Lokwang, tulisimama nyuma ya watu tukiwa na masweta ya kuazima, maana baridi ya huko hatukuizoea, na hatukuombwa kusema kitu. Nimerudi Kakuma kwenye kazi yangu, lakini tangu nirudi, nikiwasha mashine asubuhi, akili yangu inakwenda Lodwar, kwenye mwaka mmoja nilipokuwa na miaka ishirini na saba. Nimevuka arobaini sasa. Nilikotoka kabla ya mwaka huo na waliokuwa wazazi wangu ni habari za siku nyingine. Mwaka huo ndio nataka kuuandika, kabla sijaanza kuukumbuka vizuri kuliko ulivyokuwa.

Karakana yetu ilikuwa ya mradi wa maji, si mbali na mto Turkwel. Ilikuwa chumba kirefu cha mabati, chenye sakafu ya saruji iliyolowa oili mpaka ikawa nyeusi na kung'aa, na ndani yake mashine tatu za kukereza vyuma, ambazo sisi tuliziita lethi. Kwa asiyezijua, lethi hukishika kipande cha chuma na kukizungusha kwa kasi, nawe unasogeza kisu kidogo kigumu, chuma kinachunika kama ganda la chungwa, mpaka kinabaki kile kitu ulichotaka. Tulikuwa watatu. Mzee Barasa alikuwa mkuu wetu. Alikuja Lodwar kijana na akakaa. Lokwang, mtu wa Kataboi kando ya ziwa Turkana, alichomelea na kwenda kufunga pampu vijijini. Mimi nilikuwa kwenye lethi ya pili, mwaka wangu wa sita. Tulianza kazi saa kumi na mbili asubuhi kabla mabati hayajashika moto, tukapumzika saa sita, tukarudi saa tisa. Saa sita mke wa Mzee, Mama Nasimiyu, alituletea chakula kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa. Alikuwa na bustani ndogo kando ya mto, akapanda mrenda na kunde kama kwao, na Lokwang akaleta samaki wakavu kutoka ziwani, kwa hiyo tulikula vyakula vya pande mbili za nchi katika sahani moja. Lokwang alilalamika kila siku kwamba mrenda unateleza, na kila siku aliumaliza.

Kitu tulichokereza zaidi ya vyote kilikuwa bushi. Ni pete nene ya shaba, inayotosha kwenye kiganja, inayovikwa kwenye chuma ambacho mkono wa pampu unachezea juu yake. Mama akipiga pampu, bushi ndiyo inayosagika badala ya chuma kikubwa. Ikiisha unatia nyingine. Ikiwa na tundu dogo, mkono unakuwa mzito, wasichana wanashindwa kuupiga. Ikiwa na tundu kubwa, mkono unayumba, unakula chuma cha ndani, na baada ya wiki chache pampu nzima imekufa. Mzee Barasa alikuwa akimaliza tundu la bushi kwa kusikiliza. Aliinamisha kichwa, akasogeza kisu kidogo sana, na sauti ikibadilika alisimamisha mashine. Halafu alipima, na kipimo kilikubaliana naye. Nilihitaji miaka mitatu kuisikia sauti hiyo. Sitaki kuifanya kazi yetu ionekane ya ajabu, kwa sababu ilikuwa na udhaifu wake. Tulikuwa wachache na visima vilikuwa vingi. Umeme ukikatika tulikaa. Kuna vijiji vilivyongoja bushi miezi miwili, na tulilijua hilo, na tulilizungumza kama watu wanavyozungumza habari za jua.

Mwanzoni mwa mwaka huo aliletwa injinia mpya kutoka Nairobi, aitwaye Mutua. Alikuwa mtu mwenye adabu. Alijifunza kusalimia *ejok* kwa Kiturkana siku ya kwanza na hakuacha. Wiki ya pili alikuja kwenye lethi yangu, akauliza kama ni kweli nilisomea kuchora michoro ya ufundi chuoni. Nikasema ni kweli. Akaniambia mradi unataka mchoro wa kila kipuri tunachokitengeneza, vipuri kumi na vinane kwa jumla, na vipimo vyake vyote, kwa sababu mpaka siku hiyo vipimo vyetu vilikuwa katika kichwa cha Mzee Barasa na katika daftari lililoloa oili. Akaniambia ningepewa meza ofisini. Nilifurahi, sina sababu ya kuficha. Ofisi ilikuwa na feni. Nilinunua blauzi mpya. Nilikaa pale karibu miezi mitatu, nikiwa na vernia, ile rula ya chuma yenye taya mbili za kubana na kupima, na karatasi kubwa nyeupe, na nilichora kwa uangalifu ambao sijawahi kuupa kitu kingine. Mzee alikuja mara kwa mara akasimama nyuma yangu, akatazama, akaondoka. Mara moja alisema kwamba hakujua bushi ni nzuri hivyo.

Chumba changu na cha injinia vilitenganishwa kwa ubao mwembamba. Siku moja asubuhi alikuwa kwenye simu, akizungumza Kiingereza cha ofisini, nami nikaacha kuchora kwa sababu nilisikia neno karakana. Alikuwa akimweleza mtu kwamba michoro iko karibu kumalizika, kwamba kiwanda cha ng'ambo kimekubali kutoa vipuri vyote kwa mashine za kompyuta, na kwamba vikianza kufika, karakana ya Lodwar haitakuwa na sababu ya kuendelea. Alisema hivyo bila ubaya wowote. Aliposikiliza upande wa pili alijibu kwamba ndiyo, wafanyakazi ni watatu tu. Nilikaa na penseli mkononi. Nakumbuka feni ilikuwa ikiinua kona ya karatasi na kuishusha, nami nikaishika ile kona kwa kidole muda mrefu, kama kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Nilimwambia Lokwang wakati wa chai. Tulikaa nyuma ya karakana, kwenye kivuli cha tangi. Hakushtuka. Alisema alijua tangu waliponipa meza. Kisha akasema, kwa sauti ile ile aliyotumia kulalamikia mrenda, kwamba mimi peke yangu ndiye ninayeweza kufanya kitu. "Kosea namba moja tu," akasema. "Si nyingi. Vikija vikikataa, watarudi kwetu." Nilimwambia asirudie maneno hayo. Nikarudi mezani. Karatasi iliyokuwa mbele yangu ilikuwa ya bushi, na tundu lake lilikuwa milimita thelathini na nukta moja. Niliandika thelathini na nukta sita. Ni nusu milimita. Ukiitazama kwa macho huioni. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, nikaweka karatasi juu ya zile nyingine, nikaendelea na fimbo za pampu, na nilishangaa jinsi mkono wangu ulivyotulia.

Michoro ilipokwisha, injinia alimwomba Mzee aikague yote kabla haijatumwa, aweke sahihi. Mzee aliikagua kwa siku tatu, akiwa na penseli sikioni na kipuri chenyewe kando ya kila karatasi. Siku ya pili jioni, Lokwang alipokwisha kuondoka na injinia amekwenda zake, aliniita kwenye benchi. Karatasi ya bushi ilikuwa mbele yake, na bushi juu yake.

"Hii umepima wewe?" akauliza.

"Nimepima mimi, Mzee."

"Pima tena. Mimi nikiona."

Nilichukua vernia. Nilipima, na namba ilikuwa ile ile ambayo sote wawili tuliijua. Akaniuliza inasema nini, nikasema thelathini na nukta moja. Akaniuliza karatasi inasema nini. Nilimwambia niliyoyasikia kwenye simu, yote, na nikamwambia kwamba wakipata michoro hii sisi tumekwisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuonekana kusikia jipya.

"Tumekwisha hata bila hii," akasema. "Sasa wewe sikiza. Hiyo bushi yako ya uwongo itaenda kisima cha Namoruputh. Mama atapiga pampu wiki tatu, pampu itakufa. Yeye hatajua ni wewe Akai ama ni injinia. Atajua tu maji hakuna." Akageuza bushi kwa kidole. "Ukitaka kukataa, kataa. Nenda kwa injinia kesho, sema sitachora, chana karatasi zako zote. Mimi nitasimama na wewe. Lakini namba ya uwongo, hapana."

Nilimwomba usiku mmoja wa kufikiri, akanipa. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeamua kuchana zote. Asubuhi nilifika kabla ya watu, nikazipanga karatasi kumi na nane juu ya meza, na sikuweza. Sitajipamba. Haikuwa kwa ajili ya mama wa Namoruputh. Ilikuwa miezi mitatu ya kazi yangu nzuri, na nilitaka mtu mahali fulani aione. Nilifuta nukta sita kwa kifutio, nikaandika nukta moja. Mzee alipokuja alitazama, akaweka sahihi yake chini ya yangu, akaenda kuwasha lethi. Kwa miaka mingi kilichoniudhi si kwamba alinizuia. Kilichoniudhi ni wepesi wake. Nilidhani kwamba kwa mtu kama yeye jambo hilo lilikuwa dogo, kama kusawazisha meza, wakati mimi nilikuwa nimekosa usingizi.

Kabla vipuri havijafika, injinia alituita ofisini akatuonyesha kwenye kompyuta picha za video alizotumiwa na kiwanda. Ilikuwa mashine yenye mlango wa kioo, kama kabati. Ndani yake kisu kilikuja chenyewe, kikakata, kikarudi, kingine kikaja, maji meupe yakimwagika juu ya shaba, na bushi zikadondoka moja baada ya nyingine kwenye trei. Mashine kama hiyo zilipangwa safu nzima, na mtu mmoja tu alikuwa akipita katikati yake. Lokwang akauliza yule mtu anafanya nini. Injinia akasema anaangalia taa. Ikiwaka nyekundu anakwenda kuona. Lokwang akacheka kidogo na kutoka nje. Mzee Barasa aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Aliomba mara ya tatu, akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. "Inakata vizuri," akasema. Nilimkasirikia tena.

Masanduku ya kwanza yalifika baada ya miezi minne. Injinia aliwatuma Lokwang na mimi Namoruputh, kwa sababu pampu ya huko ilikuwa imekufa muda mrefu na watu walikuwa wakichimba mchangani kwenye lugga, mto uliokauka. Nilikuwa nimebeba moyoni tumaini ambalo sikumwambia mtu, kwamba labda hata kwa namba sahihi vile vitu vingekataa, kwamba kuna kitu ambacho sauti ya Mzee ilikijua na kompyuta haikukijua. Lokwang alifungua mkono wa pampu. Nilitoa bushi kwenye karatasi yake ya nta. Niliisukuma kwa kidole gumba, ikaingia, ikakaa. Tulifunga. Wanawake walikuwa wamekaa na mitungi yao mbali kidogo, na mmoja wao, mtu mzima mwenye shanga nyingi shingoni, akaja akapiga. Mkono ulikwenda laini. Baada ya muda maji yakatoka, mekundu kwanza kwa kutu, halafu meupe. Walizungumza Kiturkana wakidhani hatuwasikilizi, kwamba mkono huu ni mwepesi kuliko ule wa zamani, kwamba hata mtoto atauweza. Kisha yule mama akanigeukia na kuniuliza, bila hasira, kama vitu hivi vilikuwepo, mbona siku zote tuliwaacha wangoje. Lokwang alijifanya anakusanya spana. Nilimwambia havikuwepo. Akasema, sawa, sasa vipo, akaenda kujaza mtungi wake.

Karakana ilifungwa kabla ya mwaka kwisha. Lethi mbili zilipakiwa kwenye lori la mtu wa vyuma chakavu. Ya tatu ilikuwa na ufa na hata yeye hakuitaka. Chumba kikawa stoo ya masanduku. Mradi ulihitaji mtu wa kutunza stoo, na injinia alimpa Mzee Barasa nafasi hiyo, naye akaikubali. Siku niliyokwenda kuaga nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki pale ilipokuwa lethi yangu, akiwa na daftari na kalamu. Nilimwuliza kama haoni aibu. Ni neno ambalo ningelirudisha kama lingewezekana. Alisema ana watoto shuleni. Kisha akauliza nakwenda wapi, nikamwambia Kakuma, nimesikia kuna Mkongomani ana lethi. Akanishauri nichunguze kwanza kama mashine yake haichezi kwenye shingo, pale panapokishika chuma. Hatukupeana mkono.

Yule Mkongomani aliitwa Bahati, mkimbizi wa Uvira, na alikuwa na karakana ndogo ya mabati upande wa kambini, kati ya duka la Msomali na mgahawa wa Wahabeshi uliotoa harufu ya kahawa mchana kutwa. Lethi yake ilikuwa na miaka mingi kuliko sisi wote wawili, na ilicheza kwenye shingo kama Mzee alivyotabiri. Alinipa shafti iliyovunjika ya mashine ya kusaga mahindi, akasema nitengeneze nyingine, kisha akaketi kwenye ndoo kunitazama. Nilifanya kazi kutwa. Mkewe alituletea bugali na sombe, yale majani ya muhogo, na Bahati akala bila kuondoa macho kwenye mikono yangu. Nilipomaliza aliigusa ile shafti kwa ukucha, akaizungusha. "Dada, nani alikufundisha?" akauliza. Nikasema ni mtu wa Lodwar. "Huyo mutu iko wapi sasa?" Nikamwambia anatunza stoo. Bahati akatikisa kichwa. Akaniambia yeye kule kwao alifanya kazi miaka minane katika kiwanda cha sukari, na kwamba hapa Kakuma kazi yetu ni vitu ambavyo viwanda havivijui: shafti moja, gia moja ya pikipiki ambayo haitengenezwi tena, kitu kimoja cha mtu mmoja anayengoja mlangoni. Hakuna kiwanda kitakachowasha mashine kwa ajili ya kitu kimoja. Alisema tusidhani tutakuwa matajiri, lakini hatutakosa kazi. Amekuwa sahihi kwa yote mawili. Bahati alipohamishiwa nchi nyingine aliniachia mashine, na nimefundisha juu yake wanawake wanne, wawili wa hapa na wawili wa kambini. Mmoja ameacha kazi hii na anaunganisha paneli za jua zinazokuja zimekamilika kutoka nje. Sikumzuia. Aliniuliza maoni yangu nikamwambia asome maelekezo vizuri.

Na Mzee tulipatana, kwa namna ya watu wasiozungumzia ugomvi. Alipostaafu nilimpigia simu kila mwezi. Tuliongea habari za kuku wake na za mashine yangu. Ile karatasi ya bushi hatukuitaja hata siku moja.

Jumapili, siku moja baada ya mazishi, Lokwang alikuwa amelala na wageni wengi walikuwa wameondoka. Nilikaa jikoni na Mama Nasimiyu nikimsaidia kuchambua kunde. Amezeeka, lakini mikono yake bado ina haraka. Nilitaka kumwambia kitu kizuri kuhusu mumewe, na kitu pekee nilichokuwa nacho kilikuwa kile. Nikamweleza kwamba mwaka karakana ilipofungwa niliandika namba ya uwongo, na kwamba Mzee aliigundua akanirekebisha mara moja, bila kuniaibisha mbele ya mtu, na kwamba mpaka leo sijui aliwezaje kuwa mwepesi hivyo.

"Haikuwa mara moja," akasema. "Aliiona siku ya kwanza, asubuhi."

Nikaacha kunde. Akaendelea kuchambua zake. Alisema kwamba mchana ule alipotuletea chakula, Mzee alimwita nje, wakasimama kando ya ukuta, akamweleza yote: kwamba namba ni mbaya, kwamba akiiacha, kazi yao huenda ikabaki, kwamba hakuna atakayejua. Alikaa nayo siku mbili. Nyumbani hakuongea na mtu.

"Aliniuliza, ingekuwa ni wewe ungefanya nini."

"Ukamwambia nini, Mama?"

"Nilimwambia aiache," akasema. Akapeperusha maganda kutoka kwenye ungo, akachukua konzi nyingine. "Tulikuwa na watoto shule. Nilimwambia aiache, akaenda akairekebisha. Nilikaa mwezi mzima bila kumsamehe."

Nje kuku walikuwa wameanza kupiga kelele. Aliinuka polepole, akashika kiuno, akaenda kuwapa chakula.